Namba Mbili Juu ya Darubini: Somo la Kuchagua Darubini Nafuu kwa Walinzi wa Mashamba na Waongoza Watalii

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, upande wa bonde la Kilombero, saa ngumu kuliko zote kwa mkulima ni ile ya magharibi. Jua hutua nyuma ya milima, na kwa muda wa takriban nusu saa giza huwa limekwisha kutanda. Mlinzi aliyekaa juu ya dungu hutazama ukingo wa msitu. Mita mia nne mbele yake pana kitu cha rangi ya kijivu. Huenda ni kichuguu alichokizoea, huenda ni kivuli cha mti, na huenda ni tembo wa kwanza katika kundi linaloelekea kwenye mpunga. Akipiga debe bure, majirani watachoka, na siku nyingine hawataitika. Akinyamaza naye akawa amekosea, shamba la msimu mzima litakwisha kabla ya alfajiri, na huenda mtu akapoteza maisha kwa kukutana na mnyama gizani.

Kwa sababu hiyo darubini ya macho mawili imekuwa chombo cha kazi katika kata nyingi za pembezoni mwa hifadhi. Walinzi wa mashamba huihitaji, askari wanyamapori wa vijiji huihitaji, na vijana wanaoongoza watalii katika njia za milimani hawawezi kuajiriwa mara ya pili bila kuwa nayo. Fedha za kununulia, hata hivyo, ni chache, na sokoni vimejaa vitu vinavyong'aa, vyenye namba kubwa na bei ndogo. Somo hili limekusudiwa kumwezesha mkazi wa kawaida, asiye na taaluma ya vioo, kuingia dukani na kutoka na darubini itakayomfaa saa ile ya magharibi.

Maana ya namba mbili

Kila darubini huandikwa namba mbili zilizotenganishwa na alama ya kuzidisha, kwa mfano 8x42, 10x50 au 8x25. Namba ya kwanza ni ukuzaji, yaani mara ambazo kitu huonekana kikiwa karibu zaidi. Tembo aliye umbali wa mita 400, akitazamwa kwa darubini ya ukuzaji wa 8, huonekana kana kwamba yuko mita 50. Kwa darubini ya ukuzaji wa 10 huonekana kana kwamba yuko mita 40. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele, kwa milimita. Lenzi hiyo ndiyo mlango wa mwanga: kadiri ilivyo pana ndivyo inavyokusanya mwanga mwingi, na ndivyo darubini inavyokuwa nzito.

Wanunuzi wengi huitazama namba ya kwanza peke yake. Hudhani kwamba 20 ni bora kuliko 10, na 10 ni bora kuliko 8, kama vile gunia lenye kilo nyingi linavyozidi lenye kilo chache. Hapo ndipo fedha za vikundi zinapopotelea. Namba hizo mbili hufanya kazi kwa pamoja, na siri ya darubini imo katika kuzigawanya moja kwa nyingine.

Hesabu ya mwanga

Ukigawanywa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, hupatikana upana wa duara la mwanga linalotoka upande wa jicho. Darubini ya 8x42 hutoa duara la milimita 5.25. Ya 10x42 hutoa milimita 4.2. Ya 7x50 hutoa milimita 7.1. Ya 8x25, ile ndogo inayoingia mfukoni, hutoa milimita 3.1, na ya 20x50 hutoa milimita 2.5 tu.

Duara hilo lapaswa kulinganishwa na mboni ya jicho la binadamu. Wakati wa mchana wenye jua kali, mboni hujikunja hadi kufikia milimita mbili au tatu. Giza linapoingia hupanuka. Kwa kijana yaweza kufikia milimita saba, na kwa mtu mzima aliyesogea umri mara nyingi haizidi tano. Kwa hiyo adhuhuri darubini ndogo na darubini kubwa huonyesha picha yenye mwanga unaokaribiana, kwa kuwa jicho lenyewe halina nafasi ya kupokea zaidi. Mwuzaji anayemwonyesha mteja darubini saa sita mchana mlangoni pa duka humwonyesha kwa saa ambayo kila darubini hupendeza.

Mambo hubadilika magharibi. Mboni imepanuka na inadai mwanga. Darubini ya 20x50 inatoa duara la milimita 2.5, hivyo sehemu kubwa ya mboni hukaa bila kupata kitu. Ile ya 8x42 hutoa mwanga unaozidi huo kwa zaidi ya mara nne katika kila sehemu ya picha, kwa kuwa mwanga hufuata mraba wa kipenyo. Mlinzi mwenye ukuzaji wa 20 ataona weusi uliokuzwa, hali mwenzake mwenye ukuzaji wa 8 ataona mkonga na masikio.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni ya kwanza ya ununuzi ni hii: darubini itakayotumika alfajiri, magharibi au ndani ya msitu mnene, ikigawanywa namba ya pili kwa ya kwanza, jibu lisipungue 4, na likiwa 5 ni bora zaidi.

Kwa nini ukuzaji mkubwa huchosha

Zipo sababu nyingine tatu za kutoutamani ukuzaji mkubwa. Ya kwanza ni mtetemo wa mikono. Darubini hukuza kila kitu, pamoja na mtikisiko wa mikono na mapigo ya moyo. Kwa watu walio wengi, ukuzaji wa 10 ndio mpaka wa kushika kwa mikono mitupu. Ukivuka hapo, picha hucheza na macho huchoka baada ya dakika chache. Darubini ya ukuzaji wa 15 au 20 hudai stendi ya miguu mitatu, na mwongoza watalii aliyekwisha kupanda mteremko hadi kwenye maporomoko ya Sanje, huku akihema, hawezi kuishika ikatulia.

Ya pili ni uwanda wa kuona. Darubini ya ukuzaji wa 8 kwa kawaida huonyesha eneo lenye upana wa takriban mita 120 kwa umbali wa mita 1,000. Ya ukuzaji wa 20 huonyesha takriban nusu ya hapo au pungufu. Anayetafuta kundi lililotawanyika ukingoni mwa msitu humwona mnyama mmoja na kuwakosa wanne walio kando yake. Anayetaka kumwonyesha mgeni mbega mwekundu wa Udzungwa akiruka kutoka tawi hadi tawi hujikuta akilisaka tawi lenyewe.

Ya tatu ni mvuke wa joto. Mchana wa kiangazi, hewa iliyo juu ya ardhi yenye joto hucheza kama moshi. Ukuzaji mkubwa huukuza mchezo huo pia, na mnyama aliye mbali huonekana akiyeyuka. Hakuna bei inayoweza kuliondoa jambo hilo.

Namba za uongo

Sokoni na katika matangazo ya mitandaoni zipo darubini zilizoandikwa namba za kustaajabisha, kama ukuzaji wa 60, wa 100, au unaopanda hadi 180, kwa bei isiyofikia ya viatu. Mnunuzi na ajiulize: ikiwa lenzi ya mbele ina milimita 50 na ukuzaji ni 100, duara la mwanga ni nusu milimita. Hata kama namba hiyo ingekuwa kweli, chombo hicho kisingefaa kitu mikononi. Mara nyingi si kweli.

Rula ya mwanafunzi yatosha kuufichua uongo huo. Kwanza, upimwe upana wa kioo cha mbele chenyewe, bila fremu yake. Darubini iliyoandikwa 50 ikionekana kuwa na kioo cha milimita 30, mwuzaji ameandika alichotaka. Pili, darubini inyooshwe mbele kwa urefu wa mkono kuelekea anga jeupe, kamwe si kuelekea jua. Katika kioo cha jicho litaonekana duara dogo la mwanga. Duara hilo lipimwe kwa rula, kisha upana wa kioo cha mbele ugawanywe kwa upana wa duara. Jibu ni ukuzaji wa kweli kwa makadirio. Kioo cha mbele kikiwa milimita 40 na duara likawa milimita 5, darubini hiyo ni ya ukuzaji wa 8, hata kama kibandiko chake kinasema 60.

Darubini zenye ukuzaji unaobadilika kwa kusukuma kijiti nazo hazimfai mnunuzi mwenye fedha kidogo. Vipande vyake vinavyosogea ni vingi, huchakaa upesi, na mara nyingi macho mawili hayabadiliki kwa kipimo kimoja, hivyo mtumiaji huumwa kichwa.

Vioo, utando na prizimu

Baada ya namba, mnunuzi atazame vioo. Lenzi njema hupakwa utando mwembamba unaopunguza mwanga unaorudishwa nje. Ikiinamishwa chini ya taa, lenzi yenye utando mzuri huonyesha vivuli hafifu vya kijani au zambarau, na kioo huonekana kama shimo jeusi. Lenzi inayong'aa kama kioo cha kujitazamia haina utando wa maana. Zile zenye rangi nyekundu kali kama ya akiki huwavutia wanunuzi, lakini wekundu huo ni mwanga uliorudishwa badala ya kuingia. Picha yake huwa na giza, na rangi zake hupotoka.

Ndani ya darubini mna vipande vya kioo viitwavyo prizimu, ambavyo kazi yake ni kuigeuza picha isimame wima. Ipo mipangilio miwili. Ule wa zamani ni wa Porro, ulioitwa kwa jina la Mtaliano Ignazio Porro aliyeubuni katikati ya karne ya 19. Darubini zake zina mabega mapana, na lenzi za mbele zimeachana kuliko macho. Wa pili huitwa wa paa, na darubini zake zina mirija miwili iliyonyooka. Mpangilio wa paa ni mwepesi kubeba na hustahimili mvua kwa urahisi zaidi, lakini utengenezaji wake ni wa gharama. Kwa bei ya chini, darubini ya Porro mara nyingi hutoa picha safi kuliko ya paa yenye bei ileile. Mwenye fedha kidogo asiidharau kwa kuwa ina umbo la kizamani.

Ubora wa prizimu hutambulika kwa lile duara la mwanga. Likiwa mviringo kamili na lenye mwanga sawa pande zote, prizimu ni nzuri. Likiwa limekatwa pembeni na kukaribia umbo la mraba, kioo kilichotumika ni cha daraja la chini.

Mvua, umande na kuvu

Bonde la Kilombero lina mvua nyingi na unyevu, na msitu wa Udzungwa una umande hata wakati wa kiangazi. Darubini isiyozibwa vizuri hupitisha mvuke wa maji, ambao huganda ndani ya vioo mtumiaji anapopanda kutoka bondeni kwenye joto kwenda juu kwenye baridi. Baada ya miezi kadhaa huota kuvu, utando wa nyuzi kama wa buibui unaokula kioo. Kuvu hiyo ikishaingia ndani, gharama ya kuiondoa yaweza kuzidi thamani ya chombo chenyewe.

Hivyo inafaa kuongeza fedha kidogo ili kupata darubini isiyopitisha maji iliyojazwa gesi ya naitrojeni, kwani gesi hiyo kavu huzuia ukungu wa ndani. Maneno "hustahimili maji" na "haipitishi maji" hayana maana moja: la kwanza ni la manyunyu, la pili ni la mvua kamili. Anayenunua darubini iliyokwisha kutumika amulike tochi upande mmoja na kutazama upande wa pili. Nyuzi, madoa ya maziwa au vumbi jingi vikionekana, aiache hata kama bei inamvuta.

Majaribio matano mlangoni pa duka

Mnunuzi asilipe kabla ya kufanya majaribio yafuatayo, ambayo kwa jumla hayachukui robo saa.

La kwanza ni la ulinganifu wa macho mawili. Itazamwe ncha ya paa la bati au waya wa umeme ulio mbali. Kisha darubini isogezwe taratibu hadi umbali wa kiganja kutoka usoni, huku mstari ule ukiendelea kutazamwa. Mstari ukikatika, upande mmoja ukawa juu na mwingine chini, mirija haiko sambamba. Hitilafu hii haiponi kwa mazoea. Huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa.

La pili ni la kulenga. Jicho la kulia lizibwe, gurudumu la katikati lizungushwe mpaka maandishi ya mbali yasomeke kwa jicho la kushoto. Kisha lizibwe la kushoto, na pete iliyo kwenye kioo cha kulia izungushwe mpaka jicho la kulia lione vivyo hivyo. Katika darubini nyingi pete hiyo iko kulia. Baada ya hapo, gurudumu la katikati peke yake ndilo litakalotumika. Likiwa gumu, linaruka au lina mchezo, chombo kina kasoro.

La tatu ni la kingo. Kitazamwe kibao cha duka kilicho mbali. Maandishi ya katikati na ya pembeni yalinganishwe. Ukungu kidogo ukingoni ni jambo la kawaida kwa bei nafuu. Nusu nzima ya picha ikiwa na ukungu, sivyo.

La nne ni la miwani. Anayevaa miwani ajaribu akiwa ameivaa, vikombe vya mpira vya macho vikiwa vimekunjwa au kushushwa. Akiona tundu dogo katikati badala ya duara pana, darubini hiyo si yake. Kwa kawaida huhitajika nafasi ya milimita 15 au zaidi kati ya jicho na kioo, na kipimo hicho huandikwa katika karatasi ya maelezo.

La tano, na ndilo kuu, ni la magharibi. Mnunuzi arudi dukani jua linapozama, au akubaliane na mwuzaji kwa maandishi kwamba ana siku moja ya kurudisha. Darubini mbili zilizolingana saa sita mchana hutofautiana waziwazi saa 12 na nusu jioni.

Nani anunue ipi

Mlinzi wa shamba anayekaa dunguni na kutazama usiku unapoingia anafaa kupata 8x42 au 7x50. Ya pili ni nzito na yaweza kukaribia au kupita kilo moja, lakini mlinzi wa dunguni hatembei nayo mbali, na anaweza kuegemeza viwiko kwenye mti wa dungu.

Mwongoza watalii na mpandaji milima anafaa 8x42, ambayo kwa kawaida huwa na gramu 600 hadi 800. Msitu wa Udzungwa una giza hata mchana, na viumbe wanaowaleta wageni, kama ngolaga, nyani wa Sanje aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979, hukaa vivulini. Darubini ndogo ya 8x25, yenye takriban gramu 300, hufaa kuwa ya akiba ya mgeni, si ya mwongozaji.

Askari wanyamapori wa kijiji anayefanya doria katika maeneo ya wazi anaweza kuchagua 10x42, kwa kuwa huhitaji kutambua mambo kutoka mbali, na duara la milimita 4.2 bado latosha alfajiri na magharibi ya mapema. Vivyo hivyo mwindaji mkazi mwenye leseni, ambaye kabla ya kufyatua risasi anawajibika kutambua aina ya mnyama, jinsia yake, na kilicho nyuma yake. Darubini ya shingoni ndiyo ya kutafutia na kutambulia. Anayetazama kwa darubini ya bunduki huku akitafuta humwelekezea mtutu kila anayepita mbele yake.

Kuhusu bei, darubini halali za 8x42 za daraja la kuanzia huuzwa katika soko la kimataifa kwa takriban dola 70 hadi 150 za Marekani, kabla ya usafirishaji na kodi. Chini ya hapo, mnunuzi ni bora apunguze ukubwa au atafute Porro iliyotumika iliyo nzima, kuliko kuchukua namba kubwa ya uongo.

Kununua kwa pamoja

Si lazima kila kaya iwe na darubini yake. Chukulia kikundi cha wakulima 12 wenye mashamba yanayopakana. Kila mmoja akichanga shilingi 30,000, zitapatikana shilingi 360,000. Fedha hizo zikitawanywa, kila mmoja atapata kitu cha kuchezea watoto. Zikiunganishwa, darubini moja nzuri itazunguka kwa zamu katika madungu yote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kikundi kiandike nani ameichukua, saa ngapi, na imerudi katika hali gani, na kabla ya kununua kikubaliane nani atalipa ikivunjika.

Vikundi vya vijana na wanawake vinavyoongoza watalii kama shughuli ya kipato vinaweza pia kuangalia mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Sheria inaelekeza asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kwa ajili hiyo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mlango wa kuanzia, kwa usajili wa kikundi na uandishi wa andiko la mradi. Kila ununuzi udaiwe risiti ya mashine, kwani bila risiti hakuna njia ya kurudisha kilicho kibovu.

Matumizi, utunzaji na sheria

Kioo kisifutwe kwa ncha ya shati. Vumbi la mchanga likisuguliwa huchora utando usiorudi. Vumbi lipulizwe kwanza, lipanguswe kwa brashi laini, na mwisho kifutwe kwa kitambaa safi cha lenzi. Baada ya mvua, darubini ikaushwe kivulini penye hewa. Isifungiwe katika mfuko wa ngozi uliolowa, wala isiachwe juu ya jiko au kwenye dirisha la gari. Mkanda uvaliwe shingoni wakati wote. Na jua lisitazamwe kwa darubini hata kwa nukta moja, kwani hupofusha papo hapo. Watoto waelezwe hivyo kabla hawajaigusa.

Darubini humpa mlinzi muda, haimpi ruhusa ya kusogea. Tembo anayeonekana yuko mita 50 katika kioo yuko mita 400 uwandani, na huko ndiko anakopaswa kubaki. Kazi ya mlinzi ni kumtambua mapema, kuhesabu kundi, kutazama mwelekeo wake, kuwaarifu majirani na uongozi wa kijiji, ili Afisa Wanyamapori wa Wilaya na askari wa uhifadhi wapate taarifa iliyo sahihi. Taarifa kama hiyo, ikiandikwa na tarehe na saa, humsaidia pia mkulima anayeomba kifuta jasho baada ya uharibifu. Aidha, darubini haichukui nafasi ya uzio wa mizinga ya nyuki au wa pilipili uliokwisha kujaribiwa katika vijiji vya pembezoni mwa hifadhi. Hufanya kazi pamoja nao.

Ikumbukwe pia kwamba kuingia hifadhini bila kibali ni kosa, na kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi. Maelezo kuhusu leseni na maeneo yanayoruhusiwa hutolewa na ofisi ya wanyamapori ya wilaya na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Dukani pana darubini mbili za bei moja: 8x40 na 16x40. Duara la mwanga la kila moja lina milimita ngapi? Ipi impelekwe mlinzi wa dunguni?

2. Kibandiko kinasema 30x60. Rula inaonyesha kioo cha mbele kina milimita 35 na duara la mwanga milimita 5. Ukuzaji wa kweli ni upi?

3. Katika kijiji chenu, ni saa ngapi wanyama huingia mashambani mara nyingi? Je, darubini mliyo nayo imewahi kujaribiwa saa hiyo?

Majibu ya maswali mawili ya kwanza ni haya: la kwanza, milimita 5 dhidi ya 2.5, hivyo mlinzi apewe 8x40; la pili, ukuzaji ni 7. La tatu hujibiwa dunguni, jua linapozama.